Mpira Uliokataa Kudunda

Nakumbuka, mwanangu, Jumamosi moja ya masika, refa aliposimama katikati ya uwanja wetu wa Karatu, akaunyanyua mpira hadi kifuani, akauachia. Ulianguka puu, ukakaa pale pale. Haukudunda hata kidogo. Watu wote waliouzunguka uwanja waliona, wakubwa kwa wadogo, na bado mechi ikachezwa. Nikifika hapo hasira hunipanda upya kama vile ni jana, kwa hiyo leo utanivumilia. Sikukuita kwa ajili ya hadithi tamu. Chai ipo jikoni, lakini kaa kwanza unisikilize.

Juzi nimeona kwa macho yangu trekta likishusha makapi ya ngano pembeni mwa goli la juu. Nimeona na miiba imeondolewa upande wa barabara, imerundikwa kama takataka. Nikawauliza vijana, nyie mnafanya nini na mvua yote hii? Wakanijibu, "Bibi, Jumapili tuna wageni, timu ya ligi inakuja na wadhamini wanakuja na kamera. Katibu kasema uwanja upendeze." Katibu ni wewe. Basi kabla uwanja haujapendeza, ngoja nikueleze ulivyopendeza mara ya mwisho.

Ilikuwa miaka ile ya uhaba, ambapo kipande cha sabuni kilikuwa na foleni na sukari ilikuwa habari ya kusikia kwa jirani. Karatu haikuwa wilaya bado, ilikuwa tarafa tu ndani ya Mbulu, na barabara ya kutoka Makuyuni kupanda huku ilikuwa ya udongo mtupu. Mvua ikinyesha, magari yalilala njiani na abiria wake. Hatukuwa na taa, hatukuwa na lami, lakini uwanja tulikuwa nao, na ulikuwa mzuri kuliko unavyouona leo. Ulipakana na shamba letu. Baba yangu, Mzee Tluway, ndiye aliyeutazama pamoja na wazee wenzake wawili watatu. Hakuna aliyewaajiri. Waliutazama kama mtu anavyotazama kisima cha kijiji.

Na kuutazama kwenyewe kulikuwa hivi. Wakati wa kiangazi ng'ombe waliruhusiwa kuingia. Walikula nyasi zikabaki fupi, samadi yao ikarutubisha, na ardhi ikiwa kavu kwato haifanyi kitu. Mvua za kwanza zikidondoka tu, baba na wenzake walikata matawi ya miiba wakaziba pande zote mbili ambako njia ya ng'ombe inagusa uwanja. Kuanzia hapo hakuna mnyama kupita mpaka ardhi ikauke. Wewe unaujua huu udongo wetu mwekundu. Jua likiwaka unakuwa mgumu kama sakafu, mpira unaruka juu ya kichwa cha mtu mrefu, na vumbi linaingia mpaka ndani ya chai. Mvua ikinyesha unageuka uji, unanata kwenye kiatu, na kwato ya ng'ombe ikizama inaacha shimo la kumeza mguu. Hilo kila mtoto wa huku analijua kabla hajajua kusoma. Shika hapo, maana ndipo penye hasira yangu. Hakuna mtu siku ile ambaye hakujua.

Kaka yangu Boay alikuwa winga wa kulia. Mimi na yeye tumefuatana ziwa, yeye ndiye aliyenitangulia. Sisemi kwa sababu ni ndugu yangu, waulize wazee wa Buger waliokuwa wakija kucheza na sisi, watakuambia walikuwa wanamwekea mabeki wawili na bado wanarudi nyumbani wakigombana nani alimwachia. Alikuwa mwembamba, mpole, hana maneno. Akipata mpira pale pembeni kwenye nyasi, watu walisimama. Mama yangu, ambaye hakujua mpira ni nini, alikuwa anaweka jembe chini ili amtazame mwanawe akikimbia.

Basi zikaja habari kwamba timu kubwa ya Dar, baada ya mechi yake ya ligi mjini Arusha, itapanda Karatu kucheza na vijana wa tarafa mechi ya kirafiki. Kocha wao alikuwa amesikia habari za Boay. Alituma neno kwa mtu wetu mmoja anayeuza vitunguu Arusha: amwambie huyo kijana ajiandae, nikiridhika naye, Jumapili anapanda basi na sisi. Unaelewa maana yake, mwanangu? Miaka ile mchezaji wa timu kama hiyo alipewa kazi bandarini au kiwandani, akapewa chumba, na jina lake likasomwa redioni. Kwa mtoto wa mkulima wa Karatu lilikuwa jambo la mara moja. Mama alianza kuoka mikate ya ngano ya safari tangu Alhamisi. Alikuwa anaimba.

Hapo ndipo kamati ya michezo ilipoingia. Mwenyekiti wake sitamtaja jina kwa sasa. Alikuwa mtu mwenye sauti nzuri na suti moja ya kaunda, na alikuwa amepata taarifa kwamba mgeni rasmi atatoka mkoani. Kuanzia siku hiyo hakuongea habari za mechi tena, aliongea habari za mgeni rasmi tu. Mgeni rasmi atakaa wapi, atakunywa nini, ataona nini. Jumatano akaja na vijana wake, wakaanza kung'oa miiba.

Baba akatoka shambani na panga lake mkononi.

"Mwenyekiti, hii ni masika. Miiba haiguswi."

"Mzee Tluway, mgeni rasmi atapita hapa na gari. Akikuta miiba atatuonaje? Atasema watu wa Karatu bado wanaishi zizini."

"Na ng'ombe wa mnada? Ijumaa ni mnada."

"Ng'ombe wana njia yao, mzee wangu. Usiturudishe nyuma."

Baba alisimama pale kidogo, halafu akarudi shambani. Hakusema neno lingine. Nilimwona, nilikuwa nachuma mboga ukingoni mwa shamba. Nikamwuliza kwa nini amewaachia, akaniambia, "Ni shughuli ya serikali, Paskalina. Nisije nikamharibia kaka yako." Kimya kile kilimgharimu mpaka anaingia kaburini.

Ijumaa ng'ombe wakaja mnadani, kama wanavyokuja siku zote, kutoka Endulen, kutoka huko juu, wengine walitembea tangu Malambo. Ile njia yao ya kawaida ilikuwa imekatwa na maji. Zamani wangekuta miiba wangezunguka. Safari hii walikuta uwanja wazi, kijani, umelainika, na ng'ombe hana habari za mgeni rasmi. Walipita kundi baada ya kundi. Wachungaji hawana kosa, walipitisha mifugo penye njia. Usiku ikanyesha mvua nyingine, ikajaza maji kila alipokanyaga mnyama.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro kama kawaida yake, huoni mtu wa pili. Ulipopanda, uwanja ukaonekana, na mwenyekiti akashika kichwa. Mtu mwenye akili angesema, jamani, uwanja umeharibika, tutawapokea wageni kwa chai na ngoma, mechi itachezwa kiangazi. Yeye akasema, "Leteni makapi."

Kila nyumba ilikuwa na makapi ya ngano, tuliyahifadhi kwa ajili ya ng'ombe. Sisi huku mtu akiona tope zizini anamwaga makapi, ng'ombe wanalala pakavu, hakuna ubaya. Ndicho walichofanya. Walimwaga uwanja mzima, wakayatandaza kwa reki mpaka yakalingana. Jua lilipotoka uwanja uling'aa kama dhahabu, watu wakapiga makofi. Mwenyekiti alipiga picha pale katikati amenyoosha mkono. Lakini zizini, mwanangu, ng'ombe wanalala. Hawakimbii.

Siku hiyo tulikuwa na mgeni nyumbani, mama mmoja wa Kimaasai wa Endulen, Nashipai, ambaye sisi watoto tulimwita Yeyo kama anavyoitwa mama kwao. Kule kwao hifadhini kulima ni marufuku, hivyo kila msimu alishuka na punda wake, akaleta maziwa na samli, akaondoka na mahindi yetu. Yeye na mama yangu walikuwa marafiki wa miaka mingi. Nilitoka naye kubeba maziwa ya chai ya wageni. Tulipofika pembeni mwa uwanja akasimama, akachomeka fimbo yake kwenye makapi. Fimbo ikazama. Akacheka kicheko cha hasira, akasema kwa sauti, mbele ya kamati nzima:

"Nyinyi watu! Hapa mimi hata punda sipitishi. Leo hapa atavunjika mguu mtu!"

Walimkodolea macho. Mmoja akamwambia, "Mama, nenda kauze maziwa yako." Tukaenda.

Wageni walichelewa, basi lao lilikwama kwenye mlima wa Mto wa Mbu wakalisukuma wenyewe, wakafika na tope mpaka magotini. Kocha wao alikuwa mtu wa pwani, mzee mwenye kofia, anaongea taratibu. Kabla hajasalimiana na mtu aliingia uwanjani akatembea hatua chache, akageuka. Nilikuwa namimina chai nikamsikia akimwambia mwenyekiti, "Ndugu yangu, kwetu Dar mchanga unakunywa maji, mvua ikikatika baada ya saa moja tunacheza. Huu wa kwenu haunywi. Hawa wanangu miguu yao ndiyo kazi yao. Tuahirishe, hapana aibu."

Mwenyekiti akamjibu kwa tabasamu, "Mwalimu, mgeni rasmi ameshakaa."

Ndipo refa, mwalimu wa shule kutoka Mbulu, akaenda katikati akafanya kile ambacho kila refa anatakiwa kukifanya. Akaudondosha mpira. Nimeshakuambia kilichotokea. Refa akaangalia mpira, akaangalia jukwaa. Pale jukwaani palikuwa na kitambaa cheupe, soda za mkopo, na mwenyekiti amesimama nyuma ya mgeni rasmi anaitikia kwa kichwa polepole, kwamba endelea. Refa akaokota mpira akapuliza filimbi kuita timu. Penye wengi hapaharibiki neno, ndivyo tunavyofundishwa. Pale walikuwepo wengi, neno likaharibika mchana kweupe.

Nilimkimbilia Boay, alikuwa anafunga kamba za njumu. Zilikuwa za kuazima, meno yake yameisha yakabaki kama vifungo vya shati.

"Boay, usicheze. Yeyo amechomeka fimbo ikazama."

"Najua."

"Unajua halafu unacheza?"

"Basi linaondoka kesho, Paskalina. Nisipocheza leo ataniona lini?"

Nikarudi kwenye masufuria ya chai. Watu wasije wakakuambia Boay alikuwa mpumbavu. Kijana mwenye njaa ukimwekea chakula juu ya moto, mwenye kosa ni aliyekiweka pale.

Mechi ikaanza. Hebu sikia wageni walivyofanya, maana hawa ndio waliokuwa wanajua mpira kama kazi. Kocha aliwakalisha nyota wake wote, akaingiza wa akiba, wote na njumu zenye meno marefu ya chuma. Na hao wa akiba hawakukimbia. Walipiga pasi fupi, wakatembea, wakauinua mpira juu usiguse chini. Mpira wa chini ulikuwa unakwama kwenye makapi, unakusanya tope, unakuwa mzito kama boga. Vijana wetu wao walikimbia, kwa sababu walikuwa wanatazamwa. Wanaanguka, wanainuka, watu wanacheka. Mgeni rasmi alicheka mpaka akafuta machozi.

Boay alipata mpira upande wa kulia, upande wetu tuliokaa. Akamwacha wa kwanza. Nilimwona kocha akiinuka kwenye benchi, akavua kofia. Uwanja wote ukapiga kelele. Akajiandaa kumzunguka wa pili, akatupa mguu mbele, mguu ukaingia kwenye makapi na haukutoka. Mwili uliendelea. Sauti ya mfupa tuliisikia kina mama tuliokuwa kwenye masufuria ya chai. Mama yangu aliangusha birika.

Sitakueleza mguu ulivyoonekana. Nitakueleza nilichokasirika nacho mpaka leo. Gari lilikuwa moja tu pale lenye uwezo wa kupita kwenye tope, Land Rover ya mgeni rasmi. Wachezaji wa Dar ndio walioomba, si watu wetu. Wakaambiwa gari lina ratiba. Mgeni rasmi alikuwa ameshaacha kucheka, anatazama saa. Kaka yangu alilazwa juu ya mlango wa nyumba yetu, baba alikwenda kuung'oa mwenyewe, akasubiri trekta la mkulima mmoja wa ngano lije kumpeleka hospitali ya misheni.

Wakati tunasubiri trekta, ndipo likaja lile lililo baya zaidi. Mtu mmoja wa kamati akasema, "Kuna mtu alitamka." Mwingine akadakia, "Yule mama wa Kimaasai! Alisema leo atavunjika mguu mtu!" Wewe unajua huku kwetu neno la laana tunavyoliogopa. Mtu mzima akikutamkia, watu hawalali. Ghafla watu wote wakawa na pa kukimbilia. Si miiba, si kwato, si makapi, ni Nashipai! Wakamzunguka pale alipokuwa amepiga magoti anamfuta Boay jasho kwa shuka lake. Mmoja akampokonya fimbo. Na mwenyekiti, kwa sauti yake nzuri, akasema, "Tutulie wananchi, sheria itachukua mkondo wake." Yaani alikubali! Alishukuru kupata mchawi.

Nimewahi kumwona baba yangu akiwa na hasira mara nyingi, lakini siku ile sikumtambua. Hakupiga kelele. Alichukua reki iliyokuwa imeegemezwa kwenye goli, ile ile waliyotandazia, akaenda mpaka pale Boay alipoangukia, akaanza kuvuta makapi. Akavuta mara ya kwanza, ya pili. Chini yake maji mekundu, na mashimo ya kwato, moja baada ya jingine, yamejaa pomoni. Akaendelea kuvuta mpaka uwanja ukawa wazi kama ngozi iliyochunwa. Akawaita, "Njooni. Njooni mumwone mchawi wenu. Huyu hapa. Ana kwato."

Hakuna aliyesogea. Akasema tena:

"Nani hapa hana ng'ombe? Anyooshe mkono. Nani hapa hajui kwato inafanya nini kwenye udongo wa masika? Mtoto gani? Huyu mama hakulaani mtu. Huyu mama alisema kwa sauti kile ambacho nyinyi wote mlikuwa mnakisema moyoni. Mmemwona mchawi kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyekuwa na mdomo. Mlikuwa mnamwogopa mgeni. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo walivyosema wazee. Sisi mgeni amekuja, mwenyeji amevunjika."

Akatupa reki chini, akajipiga kifuani.

"Na mimi nimo. Mimi ndiye mwenye miiba. Niliambiwa nisiwarudishe nyuma, nikaona haya, nikarudi shambani. Mwanangu amelala pale juu ya mlango wangu. Mpeni mama wa watu fimbo yake!"

Wakampa. Aliyempa alishindwa kumtazama usoni. Nashipai aliichukua, akaketi tena karibu na Boay, na trekta lilipokuja alipanda naye. Mwenyekiti alikuwa amekwenda kumsindikiza mgeni rasmi.

Yule kocha wa Dar alikuja hospitalini kesho yake asubuhi, basi likamsubiri nje. Alikaa kitandani kwa Boay, akamshika mkono, akamwambia, "Ile hatua ya kwanza, kijana, niliiona." Halafu akavaa kofia yake, akaondoka. Tulisikia basi likinguruma likiteremka. Mama akatoa ile mikate ya safari kwenye kikapu, ilikuwa imeanza kukauka, tukaila pale wodini bila chai. Yeyo Nashipai naye alikula. Ni mkate mchungu kuliko wote niliowahi kula, na ulitengenezwa kwa furaha.

Mguu ulipona ukiwa mfupi. Boay alioa msichana wa Buger, akalima, akazaa, hakulalamika kwa mtu. Watu hupenda kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimemwona aliyesikia la mkuu akavunjika guu, kwa hiyo usinisomee methali hiyo ovyo. Mkuu naye ana masikio, na yeye alipaswa kusikia.

Kila masika kaka yangu alikata miiba na baba, na baba alipofariki aliikata peke yake. Na siku ya mechi, kabla ya timu kuvaa jezi, alikwenda katikati ya uwanja akichechemea, akaushika mpira kifuani, akauachia. Ukidunda, aliinua mkono, watu wakacheza. Usipodunda, aliubeba kwapani akaenda nao nyumbani kwake, akaufungia ndani. Alishakuja mkubwa mmoja hapa na msafara wake, Boay akaondoka na mpira. Wakamtukana. Alinywa uji wake akalala. Wewe ulikuwa mdogo, ukimwita Babu Mpira, ukimfuata nyuma ukiiga anavyochechemea. Sasa hayupo, na hakuna anayeudondosha mpira, na miiba mnaiona uchafu.

Sasa nasaha zangu ni hizi, na nitazisema wazi ili usije ukasema bibi alizunguka. Ardhi haina adabu za kumwogopa mtu. Ikilowa imelowa, hata aje nani, na kamera za wadhamini haziikaushi. Rudisha miiba leo, usisubiri kesho. Makapi yale yapeleke kwa ng'ombe, ndio wenye nayo. Jumapili, wageni wakiwa wameshakaa na muziki unapiga, nenda katikati uudondoshe mpira mbele yao wote. Ukikataa kudunda, chukua kipaza sauti useme, leo hatuchezi, karibuni chai. Utaona aibu, najua. Aibu ya kusema ukweli ni ya mchana mmoja, halafu watu wanakunywa chai wanaondoka. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio chenyewe mara nyingi si cha kwake, ni cha mama mwingine. Na akitokea mtu akasema neno linalokukera, awe muuza maziwa au mtoto, kabla hujamwita mchawi chomeka fimbo chini uone.

Na jambo la mwisho. Yule mwenyekiti sikumtaja jina, nawe hukuuliza. Nadhani umeshajua. Ni babu yako, na jina lake ndilo ulilopewa wewe, siku uliyozaliwa yeye ndiye aliyekubeba. Hakuwa mwizi, hakuwa mkatili, alikupenda sana. Lakini aliishi karibu na kaka yangu miaka yote ile, mpaka anakufa, na kila alipopishana naye njiani alisema, "Bahati mbaya, Boay." Bahati mbaya! Kaka yangu alikuwa anamwitikia, "Ndiyo, mzee." Mimi siwezi kuitikia hivyo. Sina moyo wa Boay. Siyo wewe ninayekudai, mwanangu, wewe hukuwepo. Ila jina liko mikononi mwako sasa, na Jumapili watu watakuangalia wewe utakavyolitumia.

Mpira wenyewe ule aliokuwa akiudondosha Boay, uko. Umefifia, lakini bado nautia upepo. Uko pale nyuma ya mlango, ule mlango, tuliurudisha baada ya kumshusha Boay. Uchukue ukitoka. Mungu akupe mdomo wa Nashipai na masikio ambayo wazee wetu siku ile hawakuwa nayo. Vijana utakaowaingiza uwanjani awarudishe wote kwa mama zao wakiwa wanatembea. Na wewe, mwanangu, miguu yako miwili izeeke pamoja.

Haya, chai inapoa.